Kanali, Uzi na Redio Isiyosogezwa

Ninachotaka kuwaambia hamtakiamini, na sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, kuna asubuhi naamka nikakikataa. Lakini kabla hamjaanza kuguna, jueni kwamba anayeandika hapa si mtu wa mchezo. Mimi ni kinyozi. Nimenyoa wakubwa, nimenyoa walevi, nimenyoa bwana harusi aliyekuwa amelala fofofo, na hakuna sikio hata moja lililowahi kudondoka kwenye sakafu yangu. Lile moja lilichubuka tu. Shule niliiacha mapema ili isinicheleweshe. Kwa hiyo nikisema jambo, ama nimeliona kwa macho haya, ama nimesimuliwa na mteja mwenye wembe shingoni, na mtu mwenye wembe shingoni hana nafasi ya kusema uongo.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Watu wanamwita Kanali. Jeshi analijua kwa kuliona likipita barabarani. Huo ukanali aliupata kwenye geti la kiwanda cha magodoro, anakofanya kazi ya ulinzi wa mchana, kwa sababu ya mambo mawili: masharubu yake, ambayo ni mazito kuliko brashi ninayofagilia nywele dukani, na saluti. Kila lori analipigia saluti, liwe limejaa au limekuja tupu.

Mimi humwambia, "Kanali, hilo limebeba sponji, halijabeba rais."

Naye hujibu, "Mjomba, heshima haipimwi kwa mzigo."

Ni jitu la miraba minne. Akiingia kibandani kwake, kibanda kinatoa pumzi. Na jitu hilo, jamaa zangu, linafuma. Nimesema linafuma! Vitambaa! Vile vya maua vinavyotandikwa juu ya makochi ili wageni wasikae wakastarehe. Ana sindano ya kufumia, ile yenye ncha iliyopinda kama kidole cha mchawi, ana bonge la uzi mweupe ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko unaning'inia kwenye msumari chini ya kofia yake ya kazi. Lori likiondoka, saluti inashuka, sindano inapanda.

Hata sasa ninapoandika nimekaa kwenye kiti chake cha akiba, na yeye yuko ubavuni mwangu anahesabu vitanzi kwa midomo bila sauti.

"Unaandika nini, Mjomba?"

"Mambo ya watu wazima."

"Unaniandika mimi."

"Nani akuandike wewe? Hesabu vitanzi vyako."

Anahesabu, lakini jicho moja liko kwenye karatasi yangu. Namjua.

Kufuma alifundishwa na mama yake. Alipokuwa mtoto alipanda ukuta wa jirani kufuata mpira, mpira ukarudi peke yake. Mguu ukafungwa plasta ngumu, na nyumba nzima ikafungwa pamoja nao, kwa maana alikuwa analia kuanzia chai ya asubuhi hadi taa zinazimwa. Dada yangu akachoka, akamtia sindano mkononi, akamwambia, "Lia, lakini fuma." Akalia anafuma, halafu akafuma bila kulia. Plasta ilipokatwa, akatupa sindano uvunguni na kurudi kwenye ukuta ule ule. Mtoto ni mtoto.

Kitu kimoja hakikumtoka kichwani: kitambaa cha meza ya sebuleni kwao. Dada yangu alikifuma mwenyewe, maua na majani, kimefunika meza yote na kuning'inia kidogo kila upande kama gauni la mtu mwenye adabu. Wageni walikisifu kabla hawajasalimia. Juu yake, upande wa ndani, ilikaa redio kubwa ya betri. Na redio ile ilikuwa na sheria moja: haisogezwi.

"Mkiisogeza stesheni inapotea," dada yangu alikuwa akisema, na macho yake yalimalizia kilichobaki.

Basi hatukuisogeza. Tulisikiliza taarifa ya habari huku nyuma ya msomaji kama kuna mtu anakaanga samaki. Mechi zote kubwa za ujana wangu nilizisikiliza nimesimama, mkono mmoja nimeshika antena na mguu mmoja nimeunyanyua, kwa sababu tuligundua kwamba mimi nikisimama hivyo goli linasikika. Nimekuwa mlingoti wa ukoo huu kwa muda mrefu, na hakuna aliyewahi kunishukuru.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Dada yangu anakaa ghorofa ya tatu, au niseme alikuwa anakaa, na magoti yake yalianza kugombana na ngazi. Ngazi zikashinda. Binti yake mkubwa, aliyeolewa mji mwingine na ana nyumba ya chini isiyo na kidato hata kimoja, akasema, "Mama, njoo ukae kwangu." Ikakubaliwa. Siku ikapangwa, baada ya mvua.

Kanali aliambiwa akiwa na kikombe mkononi. Alikunywa chai yake, akaweka kikombe, akakishika tena kikiwa kitupu, akakinywa. Yeye ndiye mtoto aliyekuwa karibu siku zote. Ndiye aliyembebea mama yake mitungi ya gesi hadi juu na kumteremsha kwenda hospitali. Lakini kubeba si kitu unachoweza kumwachia mtu aende nacho. Basi likiondoka, mama yake angeondoka na masanduku yaliyojaa vitu vyake mwenyewe, na ndani yake hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye mkono wa Kanali. Hilo ndilo lililomuuma. Nilimwona.

Akasimama katikati ya sebule kama anapokea lori.

"Mama, hutaondoka hivi hivi. Nitakufumia kitandiko."

"Cha kiti?"

"Cha kitanda."

"Kizima?"

"Kizima."

Dada yangu akamtazama kutoka masharubu hadi viatu. "Haya, baba," akasema.

Kanali akanunua uzi na kujiwekea amri: kila siku ua moja, lenye ukubwa wa kiganja. Maua yakiwa mengi yanaunganishwa. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, akaniambia, kama kwamba methali hiyo ameitunga yeye. Alikuwa anajivuna, na kujivuna ni kazi yangu mimi kwenye familia hii, lakini nikamwachia.

Madereva wa malori hawakumwachia.

"Kanali! Unafuma soksi za godoro?"

"Zima injini wewe, unatimua vumbi kwenye uzi wangu."

"Mke wangu anauliza kama unapokea wanafunzi."

"Mwambie aje. Wewe ubaki nyumbani, vidole vyako vinene."

Maua yakazaliana. Yakapangwa kwenye mfuko kama sahani. Halafu kiwandani ikaja wiki ya kuhesabu mali, kila godoro linatolewa, linaguswa, linarudishwa, na Kanali akawa anafungua geti na kulifunga hadi mikono ikasahau kazi nyingine. Siku zikapita bila ua. Niliporudi kumtembelea nilimkuta amekaa, mfuko magotini, anavuta uzi. Maua yote yalikuwa yanafumuka. Uzi unatoka polepole, shuu, shuu, kama mtu anayenong'oneza mwenzake msibani.

"We! Umerogwa?"

"Nimekatiza, Mjomba. Mkono umepotea, vitanzi havilingani tena. Naanza upya."

Nikadhani ni mara moja. Akaanza upya, akaenda vizuri, akashikwa na homa. Alipopona akafumua tena. Sasa nisikilizeni mimi, ninayejua nywele: uzi uliofumuliwa unakuwa na mawimbi kama kichwa kilichotoka kusukwa. Uzi wa Kanali ulifumuliwa hadi ukawa na mawimbi juu ya mawimbi. Ulikuwa umechoka kuliko yeye. Kama uzi ungekuwa na miguu, ungerudi dukani.

Mara ya tatu ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa sababu mara hiyo hapakuwa na mali ya kuhesabu wala homa.

"Nini kimetokea safari hii?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Nilikuwa na uzi. Nilikuwa na muda. Malori hayakuja. Nikakaa natazama ukuta wa ng'ambo. Kesho yake nikautazama tena."

"Kumbe ulipumzika."

"Mjomba, mtu akipumzika anajua amepumzika. Mimi niliacha tu."

"Basi endelea ulipoachia. Maua unayo, usiyafumue."

Akatoa maua mawili akayalaza kwenye paja. Moja lilikuwa limekazwa kama ngumi. La pili lilikuwa limelegea, petali zinalala kama masikio ya mbuzi.

"Hili la kabla, hili la baada," akasema. "Mama ataweka kidole hapa, katikati yake, aseme: hapa mwanangu alinisahau."

Nikayachukua yale maua mawili, nikayageuza, nikamrudishia.

"Yeye alifuma kitambaa cha meza kwa mkono usiobadilika," akaendelea. "Pembe hadi pembe. Huoni alipolala wala alipoamka. Mimi nina nini? Ukiangalia kazi yangu unaona kila siku niliyokuwa mvivu."

Wakati huo huo akafika mama mmoja anayeshona vifuniko vya magodoro, anahema, viatu mkononi. Kengele ya kuingia kazini ilikuwa imeshalia zamani.

"Umechelewa," Kanali akamwambia, amesimama amejaa mlango.

"Mtoto kaamka na homa, Kanali."

"Juzi alikuwa na homa. Jana alikuwa anaota meno."

"Leo ana vyote viwili."

Kanali akaigeukia saa ya kibandani, akaitazama kwa chuki. "Saa hii inakimbia sana. Nitawaambia waitengeneze. Pita, mama."

Yule mama akapita mbio. Kanali akarudi kukaa, akachukua ua, akaanza kutafuta ncha ya kulifumua.

"Ngoja," nikasema. "Huyu kesho akichelewa utamfanyaje?"

"Nitamfungulia."

"Kwa nini usimrudishe nyumbani, umwambie aanze kazi upya tangu siku aliyoajiriwa?"

Akanikodolea macho. "Hayo si mambo ya aina moja."

"Si ya aina moja kwa vipi?"

"Yeye ana mtoto."

"Na wewe una nini?"

Akafikiri. "Mimi nina uzi."

Akavuta. Shuu, shuu. Hekima yangu iliingia sikio moja, ikatokea la pili, ikapanda lori la sponji ikaenda zake. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na mimi kinyozi nawaambia ni kweli: nimewahi kujaribu, nikatembea mwezi mzima na kofia. Mtu anayewafungulia geti wachelewaji wote wa mji alikuwa anajifungia nje mwenyewe na kumeza ufunguo.

Hapa, ndugu zangu, niliacha kuandika kwa kitambo. Sina sababu. Dukani hapakuwa na foleni, kalamu ilikuwepo, nikawa nazungumza na mteja juu ya bei ya sabuni. Jana nimesoma nilichoandika nikaona mwanzo wake ni mtamu kuliko nilivyo mimi leo. Kule mwanzo nilikuwa nachekesha hasa. Nikasema bora niyachane yote nianze upya nikiwa na moto ule ule. Na msinione mgeni wa mambo haya. Nyuma ya nyumba yangu kuna banda la kuku lisilo na mlango, niliahidi kuutengeneza, kuku wakausubiri hadi wakazeeka. Kuna gitaa naloweza kulipiga vizuri sana, nusu ya wimbo. Nikashika karatasi kwa mikono miwili, hapa hapa kibandani, tayari.

Kanali hata hakuinua kichwa. "Endelea ulipoachia, Mjomba."

Mnamsikia? Yeye ndiye wa kuniambia hivyo! Basi ngojeni niwaambie alikojifunzia.

Ilikuwa Jumapili, na dada yangu alikuwa anaondoka Jumatano. Mimi nilikuwa kwake nafunga vikombe kwa magazeti, yeye amekaa kitini anaamrisha. Nyumba ilikuwa imeshavuliwa mapazia. Kilichobaki mahali pake ni ile meza, kitambaa chake, na redio juu.

"Hicho cha bluu kifunge mara mbili."

"Nimekifunga mara mbili."

"Mara mbili zako ni moja na nusu."

Mlango ukagongwa. Kanali akaingia, mfuko wake mkononi, na nikajua kabla hajakaa, kwa sababu mfuko ulikuwa mviringo. Maua hukaa bapa.

"Kitandiko kiko wapi, baba?" dada yangu akauliza.

Kanali akatoa bonge la uzi kubwa kama kichwa cha mtu mwenye mawazo mengi. Akamwekea mama yake mapajani.

"Kiko humu, Mama. Hakijatoka."

Dada yangu akacheka. Kanali hakucheka. Kicheko kikafika katikati ya chumba, kikaona kiko peke yake, kikarudi.

"Nimejaribu," akasema Kanali. "Nikianza nakatiza. Nikikatiza mkono unabadilika. Nikasema siwezi kukupa kitu chenye viraka. Sasa siku zimekwisha. Nimeshindwa, Mama."

Jitu lile la miraba minne likasimama pale likitazama viatu vyake. Dada yangu akawa analigeuza lile bonge mapajani, anatafuta ncha yake.

Hapo ndipo mimi, kwa busara niliyojaliwa, nilipoona kwamba wakati umefika. Nikainuka bila neno. Nikaenda mezani. Nikainyanyua redio kwa mikono miwili, nikaipeleka dirishani. Ni kweli kwamba dakika hiyo hiyo kulikuwa na mpira unaanza. Ni kweli pia kwamba nilikuwa nimechoka kuwa mlingoti, na nilijiambia mama mwenye sheria anahama, sheria nayo imehama. Lakini busara ilikuwepo pia.

"Rudisha!" dada yangu akapiga kelele ambayo magoti yake hayakustahili. "Rudisha redio, wewe mzee usiye na haya!"

Nilikuwa nimeshaiweka dirishani. Nikaiwasha. Na redio ikasema. Yaani ikasema kama mtu aliyekaa nasi chumbani, bila samaki, bila mafuta. Nilisikia hadi mtangazaji anameza mate. Miaka yote ile! Hatua chache tu kutoka pale ilipokuwa! Nikageuka kumuuliza dada yangu hii ni dhuluma gani, nikamkuta haniangalii mimi. Anaangalia meza.

Chini ya redio palikuwa na janga.

Kwanza palikuwa peupe kuliko kwingine, kwa sababu jua halijawahi kupafikia. Katikati ya weupe ule palikuwa na ua lenye petali za ziada, kama mkono wa vidole saba. Jirani yake palikuwa na ua lililokazwa hadi likakunja uso. Jani moja lilielekea kinyume na wenzake wote, kama mtu aliyekosea njia lakini anaona aibu kugeuka. Katikati kulikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba, limeshonwa juu juu, na mshono wenyewe ulikuwa kovu.

Dada yangu akajaribu kuinuka apafunike, magoti yakakataa. Akachukua sahani aliyokuwa nayo karibu akaisukuma mezani. Haikufika.

Kanali akapiga magoti mbele ya meza. Akaweka kidole kwenye lile ua la vidole saba.

"Mama. Huyu ni nani alifuma hapa?"

"Mwizi," akasema dada yangu. "Nani mwingine? Mimi."

"Lakini... mkono huu..."

"Mkono ni wangu. Kwanza nilikianza kabla hujazaliwa, kikaenda vizuri. Ukazaliwa, nikakiweka. Nikakikumbuka ulipovunjika mguu, ndiyo maana sindano ilikuwa karibu. Wewe unalia huku, mimi nafuma huku, ndiyo hilo lililokaza. Ukapona, nikakiweka tena. Niliporudi nilikuwa nimesahau ua linakwendaje. Nikabahatisha."

"Kwa nini hukufumua?"

"Nifumue?" Dada yangu akamtazama kama amemwambia arudi darasa la kwanza. "Nina watoto, nina kazi, nina kaka anayekuja kula kila siku na kuondoka akisema chumvi imezidi! Ningekuwa nafumua kila nikikatiza, leo ningekuwa na bonge la uzi kama lako. Mtu na mama yake, tumekaa hapa na mabonge."

Kanali akawa anapapasa. Lililokaza. Lililolegea. Jani lililopotea njia.

"Basi kwa nini ukaweka redio?"

Dada yangu akajifanya anahesabu vikombe. Redio dirishani ikatangaza kona. Mimi, kwa heshima ya wakati ule, sikuuliza ni ya nani.

"Aibu, baba," akasema mwishoni, kwa sauti ndogo. "Wageni walikuwa wanakisifu mno."

"Kwa hiyo," nikasema mimi, "mimi nimesimama kwa mguu mmoja ujana wangu wote..."

"Na wewe nyamaza! Ulikuwa unataka mpira."

Na ndipo akacheka. Safari hii Kanali akacheka naye, masharubu yakipanda na kushuka, machozi yakitafuta njia ndani yake. Nikawaacha wacheke. Goli lilifungwa sikulisikia, mjue nimejitolea kiasi gani.

"Vuta kiti," dada yangu akamwambia. "Toa sindano."

"Nianzie wapi?"

"Mwanzo huna, umeufumua. Anzia hapa ulipokaa."

Akafuma. Uzi ulikuwa na mawimbi, na ua lilipokwisha lilionekana kama limekanyagwa na lori. Kanali akalitazama, na nikaona vidole vyake vinaelekea kwenye ile ncha, vyenyewe tu, kwa mazoea. Dada yangu akalifunika ua kwa kiganja. Paa!

"Acha."

"Limekaa vibaya, Mama."

"Limekaa. Vibaya ni jina la baba yake. Fuma la pili."

Akafuma la pili. Jumatatu alifungwa na kazi, hakushika sindano kabisa, akaja Jumanne na sura ya mtu aliyeiba. Mama yake hakuuliza. Alimsogezea kiti tu. Na asubuhi ya Jumatano, pale stendi, Kanali alipanda ndani ya basi amevaa sare yake ya kazi, akamwekea mama yake kitu mapajani. Hakikuwa kitandiko. Hakikufunika hata mto. Kilikuwa maua machache yaliyoshikana kama watu wasiofahamiana kwenye picha ya harusi.

Dada yangu akakitandaza juu ya goti la kushoto, lile linalouma zaidi. Kikaenea barabara.

"Na la kulia?" Kanali akauliza.

"La kulia litasubiri. Nalo halina pa kwenda."

Basi likaondoka. Kanali akalipigia saluti hadi lilipokata kona, na mimi nilikuwa na kitu kwenye jicho, vumbi la stendi, mnajua stendi zilivyo.

Kitambaa cha meza alikwenda nacho. Alipopiga simu kusema amefika, hakusema habari za safari. Alisema, "Nimekitandika mezani. Sijaweka kitu juu." Redio akaniachia mimi, nami nimeileta hapa kibandani, iko dirishani, inasema mpaka barabarani.

Na Kanali anafuma. Kuna wiki maua yanatoka mfululizo, kuna mwezi mfuko unaning'inia tu chini ya kofia, na akiulizwa anasema, "Bado," bila kutafuta homa ya kusingizia. Maua anayatuma kwa madereva wanaopeleka magodoro mji ule. Wale wale waliokuwa wanamcheka, sasa wakifika wanapunguza mwendo.

"Kanali, leo kuna mzigo wa mama?"

"Leo hakuna."

"Haya, safari nyingine."

Geti linafunguliwa, linafungwa. Mama yake anayapokea, anayaunganisha kwa mkono wake wenyewe, sasa mna mikono miwili humo ndani na yote miwili ina hali ya hewa yake. Na huo, jamaa zangu, ndio mwanzo wa maajabu niliyowaahidi, kwa maana kitandiko kile kimekua! Kimefunika kitanda chote, kimeteremka pande zote mbili, kimevuka kizingiti cha chumba, majirani wanapanga foleni kukiona, na juzi meneja wa kiwanda hiki amekuja hapa kibandani, amevua kofia, amesema litengenezwe godoro maalumu kwa vipimo vyake, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupita geti hili, hata lori la kulibeba itabidi li—

"Mjomba."

"Nini tena? Hesabu vitanzi vyako."

"Kimefika goti la kulia. Nusu yake."